Kukadiria Si Kujua Ghaibu
Kabla ya msimu wa 2015/16, kampuni za kamari Uingereza ziliipa Leicester City nafasi ya 5,000 kwa 1 ya kutwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya soka. Mei 2016 ikautwaa kwa pointi 81, na Chelsea, bingwa mtetezi, ikamaliza ya 10. Mashabiki wengi huutaja msimu huo kudai kwamba kuandika orodha za nafasi za timu kabla mpira haujachezwa ni upuuzi, tena ni kujitwalia elimu iliyo ya Mungu peke yake. Sikubali. Anayekadiria hatangazi litakalokuwa. Anapima imani yake kwa ushahidi alionao, na jambo adimu likitokea mara moja halimfanyi mwongo. Kasoro halisi ya orodha hizo ni kutaja nafasi bila kutaja kiasi cha shaka. Hata hivyo nazithamini: aliyeandika dhana yake Agosti hawezi kudai Mei kwamba alijua tangu mwanzo.