Paka kupigwa CT Scan: Nilijibu haraka

Mwezi uliopita, baada ya darsa ya Isha katika msikiti mmoja hapa Dodoma, mama mmoja aliniletea swali lililowafanya watu wacheke. Binti yake anaishi Uingereza. Paka wake aliugua, akawa anapepesuka na kugonga kuta, na daktari wa wanyama akashauri apigwe CT Scan ya kichwa. Binti akalipa zaidi ya pauni elfu moja. Mama akauliza: "Ustadh, mwaka juzi kaka yangu alianguka kwa kiharusi, tukachangishana ukoo mzima ndipo akapata kipimo hicho hicho. Mwanangu alituma kidogo, akasema hana. Leo ana za paka. Hii si dhambi?"

Nikajibu papo hapo: israfu tupu. Watu wakatikisa vichwa kukubali, tukafunga kwa dua.

Ndugu msomaji, jibu lile halikunipa usingizi. Nililitoa ili kuwaridhisha waliocheka, si kwa elimu.

Hebu tuanze na mashine yenyewe, maana wengi wetu tunaijua kwa bei tu. Miale ya eksirei humzunguka mgonjwa, kisha kompyuta huipanga picha ya ndani ya mwili vipande vipande, mfano wa mkate uliokatwa. Mtu huambiwa atulie. Paka huchomwa dawa ya usingizi. Hesabu za jambo hili alianza kuzifikiria Allan Cormack, mwanafizikia wa Cape Town, mwaka 1956. Muingereza Godfrey Hounsfield akaunda mashine, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha London Oktoba 1971. Wote wawili walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1979. Leo mtu wa Dodoma anakipata kipimo hicho Hospitali ya Benjamin Mkapa.

Lakini kabla ya mgonjwa huyo wa kwanza, Hounsfield aliijaribu kwa bongo za ng'ombe alizozibeba kutoka machinjioni. Zile za machinjio ya kawaida, ambako ng'ombe hupigwa kichwani kwanza, zilikuwa zimevujia damu ndani, picha haisomeki. Ikabidi zitafutwe za machinjio ya Kiyahudi, wanakochinja kwa kisu. (Wanaotetea kumzimisha mnyama kabla ya kumchinja wana la kutafakari hapo, ila hiyo ni mada nyingine.) Basi bongo za mnyama zilimtangulia mgonjwa katika mashine hii, tena kwa manufaa yetu sisi.

Tuje kwenye sheria. Sote tumefundishwa madrasa habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula, na ya aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Wachache tumesoma alichoandika Imamu Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii aliyefariki mwaka 660 Hijria. Yeye alizitaja haki za mnyama juu ya mwenye kummiliki, akasema matumizi yake ni wajibu hata akizeeka au kuugua kiasi cha kutofaa tena kwa kazi. Hebu tujiulize, ni punda wangapi wa mji huu, waliobeba madumu ya maji kiangazi chote mpaka shogi likawachuna mgongo, wanaipata haki hiyo siku wakichechemea? Wanafukuzwa wakafie porini. Hapa hapa Dodoma palikuwa na machinjio ya punda, ngozi zikipelekwa China kutengenezwa dawa, mpaka Serikali ikaizuia biashara hiyo.

Matibabu ni jambo jingine na chakula. Hata mtu mwenyewe kujitibu, wanavyuoni wengi hawakusema ni wajibu katika kila hali. Kwa hiyo CT Scan ya paka haiwezi kuwa wajibu. Lakini kisichokuwa wajibu hakigeuki haramu kwa sababu ni ghali. Tunakodi kumbi na kushona sare za sherehe kwa mamilioni, na hakuna aliyewahi kuniuliza baada ya darsa kama hiyo ni israfu.

Mama yule ana haki katika jambo moja, la utaratibu. Mwenye kuanguka kwa kiharusi ni mjomba, damu yake, na sadaka kwa jamaa ina malipo mawili. Ikiwa binti alikuwa nazo akasema hana, kosa liko kwenye ulimi wake na kwenye kuukata udugu. Haliko kwenye mashine.

Nilimpigia mama simu kumweleza haya, ndipo nikajua kwamba sikuwa nimelisikia swali lote. Picha ilionyesha uvimbe mkubwa kichwani, na daktari amependekeza paka achomwe sindano ya kumlaza asiamke. Binti anaogopa. Hilo ndilo alilotaka kuuliza, mimi nikamkatiza kwa israfu.

Vitabu vya madhehebu yetu ya Shafii vinakataza kumuua mnyama asiyeliwa hata kwa kumpumzisha na maumivu, na mfano wanaoutoa ni wa punda aliyelemaa. Wahanafi wameruhusu. Mimi ni Mshafii, lakini hapa naelekea kwao, na sababu yangu ni kipimo kile kile nilichokiita israfu. Zamani kumkatia mnyama tamaa kulikuwa kukisia. Mwenye punda aliyechoka kumlisha angeweza kudai hatapona. Anayeweza kuona ndani ya fuvu hamuui anayetibika, wala hamtesi kwa dawa asiyetibika. Nilimwambia mama amweleze binti kwamba paka akiwa katika maumivu yasiyotulizika, sioni dhambi.

Wiki iliyofuata nilisimama mbele ya watu wale wale nikalifuta jibu langu. Baadhi walicheka tena. Mama hakucheka, aliniuliza kama na lile la kaka yake nimelifuta. Nikamwambia hilo liko pale pale.

Wallahu a'alam.