Mgeni Asaidiaye Wengine Kusema

Tangu mwaka 1999 watu wengi wa upande wetu walikimbia vita wakaingia Zambia, wakakaa katika kambi za Mwange na Kala. Huko lugha ya serikali ni Kiingereza, nao walizoea Kifaransa cha shule. Mwaka 2007 meli zilianza kuwarudisha kutoka Mpulungu hadi Moba.

Basi na tuulize: msafiri ajuaye lugha, akiombwa aketi na wanafunzi na kuzungumza nao tu, kazi yake ni nini? Wengine hudhani ni kusahihisha kila kosa. Sikubali. Mtu mzima ajaribuye lugha ngeni amejifanya mtoto mbele za watu. Ukimkatiza mara tatu atanyamaza, na anyamazaye hajifunzi kusema. Mwache amalize habari yake, ya samaki au ya mihogo. Kisha uyarudie maneno yake kwa usahihi, kana kwamba wamjibu tu. Je, huko ni kumdanganya? Sivyo, maana kosa hukulisifu. Lakini akikuuliza, «Nimesema vema?», hapo huna ruhusa ya kuificha kweli kwa ajili ya adabu. Mwambie polepole. Kisha mwombe akufundishe salamu za kwao, nawe ukosee mbele yake.