Haki ya Kurudisha

Msafiri wa Reli ya Kati anunuaye ndizi dirishani katika stesheni ndogo kama Munisagara, wilayani Kilosa, hana nafasi ya kuzirudisha: garimoshi likiondoka, biashara imekwisha, na hasara ya kupunjwa ni yake. Madukani, risiti nyingi husema vivyo hivyo: mali ikiuzwa hairudishwi.

Katika soko la intaneti mizani imeinama upande wa pili, kwa sababu mnunuzi hakukiona kitu kwa macho yake. Auzaye kadi za Pokémon katika eBay aweza kutangaza kwamba hapokei marejesho. Lakini mnunuzi akidai ndani ya siku 30 kwamba kadi si kama ilivyoelezwa, na dai likikubaliwa, fedha hurudishwa. Thamani ya kadi imo katika uzima wake. Mkunjo mmoja huishusha. Mnunuzi mwovu aweza kurudisha iliyochakaa badala ya nzima, na muuzaji hana shahidi.

Basi nani astahili kuaminiwa? Nasema kila mmoja, kwa kadiri ya amana iliyo mkononi mwake. Aliyekwisha kuikataa kadi si mwenyewe tena. Ni mlinzi wa mali ya mwenziwe. Sheria yaweza kumlazimisha arudishe kitu. Kurudisha kilekile ni kazi ya dhamiri.