Anaona Nini Aliyepona?

Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, karibu na Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliisha Juni 2020 ikiwa imeua watu 2,287. Zaidi ya elfu moja walipona, wakatoka kituo cha matibabu ya Ebola (CTE) na cheti kinachosema damu yao haina tena virusi. Je, cheti hicho kinamaliza deni la waliowatibu? Nasema hakimalizi, na ushahidi uko ndani ya jicho. Virusi vikishatoka kwenye damu vinaweza kujificha mahali ambapo kinga ya mwili haifiki kwa urahisi. Daktari Ian Crozier, aliyeambukizwa Sierra Leone mwaka 2014, alikutwa navyo katika maji ya jicho wiki tisa baada ya damu yake kuwa safi. Jicho huvimba ndani, huuma, huwa jekundu, mwanga hulichoma. Likiachwa, upofu huingia. Ndiyo maana mwaka 2019, Ebola ikiwa bado inaua, waliopona walifunguliwa kliniki ya macho mjini Beni.

Tiba yenyewe haina makuu. Ni matone ya steroidi kama prednizoloni, mwanzoni hata kila saa, kisha yanapunguzwa polepole kwa wiki kadhaa, pamoja na atropini inayotanua mboni ili sehemu ya rangi isigandamane na lenzi. Muuguzi huvuta kope la chini, hudondosha tone moja kwenye mfuko unaofunguka hapo, hubonyeza kidogo pembe ya jicho karibu na pua ili dawa isikimbilie kooni. Kesho anarudia, na keshokutwa. Ugumu uko hapo: dawa ikikatwa ghafla uvimbe hurudi, ikitumiwa ovyo hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Huwezi kumpa mtu chupa dirishani ukamuaga. Wengi wataiita kazi hii hisani. Mimi naiona deni. Mgonjwa wa Ebola hakutengwa kwa faida yake tu, alitengwa ili jirani asiambukizwe. Tena baadhi ya waliopona walilea watoto wa wagonjwa kando ya CTE za Beni na Butembo, kwa kuwa miili yao ilishapata kinga. Jamii iliyokingwa na mwili wa mtu haina haki ya kumwambia macho yake ni shauri lake.

Wacha Mungu watasema Mungu amekwisha kumwokoa aliyepona, ashukuru kwa pumzi. Wasome tena Marko sura ya 8. Pale Bethsaida Yesu anamwekea kipofu mikono, kisha anamuuliza kama anaona kitu. Mtu yule anajibu kwamba anaona watu kama miti inayotembea. Hakukaripiwa kwa kukosa shukrani. Aliwekewa mikono tena, mpaka akaona sawasawa. Ajabu kwamba mahubiri hukimbilia muujiza na kuliruka swali, ilhali swali hilo ndilo lililompa mgonjwa nafasi ya kusema kwamba bado.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa waliozika watoto wa surua. Katika mlipuko ulioanza 2019, surua iliua zaidi ya watu 6,000 nchini Kongo, na fedha zilizomiminwa kwenye Riposti, yaani kazi ya kupambana na Ebola, hazikuwafikia. Uchungu wao ni wa haki. Lakini anayemnyima aliyepona matone ya macho hajamchanja mtoto hata mmoja. Amewadhulumu wawili badala ya mmoja. Na daktari aliyejifunza kutibu uvimbe wa jicho la aliyepona Ebola anaweza kutibu pia la asiyewahi kuugua. Imebaki hofu kwamba aliyepona bado anaweza kuambukiza, nayo ina msingi: Februari 2021 Ebola ilirudi upande wa Butembo, na jeni za virusi zikaonyesha chimbuko ni mlipuko ule ule wa 2018. Hata hivyo, waliopona 50 walipopimwa maji ya jicho Sierra Leone kabla ya upasuaji wa mtoto wa jicho, hakuna aliyekutwa na virusi. Anayefukuzwa kwa hofu haji kupimwa, wala hasemi jicho lilianza lini kuwa jekundu. Muuguzi aliyevaa glavu, anayemwona kila wiki na kumuuliza, ndiye atakayejua mapema kuliko wote.