Galoni Zima kwenye Pawatila Mpya

Wakati wa kuandaa majaruba wilayani Mbarali, mashine utakayokutana nayo kila upande ni pawatila: magurudumu mawili, mikono miwili mirefu ya kuongozea, na injini ya dizeli ya silinda moja iliyolazwa, yenye nguvu za farasi 12 hivi. Asubuhi hufungwa magurudumu ya chuma ikaingia topeni kuchabanga. Jioni huvalishwa matairi, ikavuta tela lenye mbolea, mbegu na watu wanaorudi nyumbani. Mavuno yakifika, tela hilohilo huingia kubeba magunia ya mpunga kule ambako dereva wa Fuso hathubutu kukanyaga. Kwa mkulima wa Rujewa hili ndilo gari la porini, tena linalolima.

Serikali ilipotangaza Kilimo Kwanza mwaka 2009, pawatila zilipelekwa hata kwenye wilaya za ardhi kavu na ngumu, na huko zililalamikiwa kuwa hazina nguvu. Bonde la Usangu, ambako ndiko Mbarali iliko, lilikuwa na sababu ya kuzipokea vizuri zaidi. Kuna mifereji, kuna tope, na kuna watu waliokwisha kuzoea mpunga wa umwagiliaji tangu enzi za shamba kubwa la Mbarali lililojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1970. Ila mashine kukubalika shambani ni jambo moja, na kutunzwa nyumbani ni jambo jingine kabisa.

Kisa kinachofuata nimekitunga kwa ajili ya kufunzia, kwa hiyo mkulima wake simtaji jina. Mashine, oili na makosa ni mambo ya kweli, na fundi wa pawatila hatayaonea ajabu.

Mkulima wetu alihifadhi mpunga wake ghalani mpaka bei ilipopanda, akauza, akanunua pawatila mpya Desemba. Muuzaji aliiwasha mbele yake, akamkabidhi spana mbili na kitabu cha Kiingereza na Kichina, akamtakia kilimo chema. Mzee akalima jaruba zake, kisha za jirani, kisha za jirani wa jirani kwa malipo. Mashine ilikuwa inanguruma vizuri, na fedha ilikuwa inaingia. Katikati ya Januari akakumbuka kwamba muuzaji alisema kitu kuhusu oili ya kwanza.

Fundi angechukua siku mbili kufika, maana msimu huo kila fundi ana foleni. Mpwa wake, dereva wa bodaboda pale stendi, alipopita kumsalimia akamkuta anahangaika na simu.

"Fundi wa nini, mjomba? Mimi pikipiki yangu namwaga oili mwenyewe, nyuma ya nyumba. Dakika kumi."

"Hii ni dizeli, mjomba."

"Injini ni injini. Oili inatoka chini, inaingia juu."

Nisieleweke vibaya: kijana hakukosea kutaka kuifanya kazi hiyo kwa mikono yake. Sipo upande wa wanaosema kila nati iachiwe fundi. Sevisi ya kwanza ya pawatila ni kazi ambayo mwenye mashine anaweza kuifanya na anapaswa kuijua, kwa sababu fundi hatakuwepo jarubani siku ukanda utakapolegea. Tena walianza vizuri kuliko mafundi wengi. Waliiwasha injini kidogo ili oili ipate joto na kushuka na uchafu wake. Wakaizima, wakaweka karai, wakafungua bolti ya chini. Oili ikatoka nyeusi, yenye vimeremeta.

"Unaona hivyo, mjomba? Chuma hicho."

Ni kweli. Injini mpya hujisugua. Pistoni, ringi na ukuta wa silinda huwa bado havijazoeana, na ile michubuko midogo ya kiwandani huisha kwa kukwanguana. Unga wa chuma unaotoka humo huogelea kwenye oili, na ukiachwa hurudi kukwangua tena. Ndiyo sababu oili ya kwanza humwagwa mapema sana, mara nyingi ndani ya saa 50 za mwanzo kadiri kitabu cha mashine kinavyoagiza, ingawa oili zinazofuata hukaa muda mrefu zaidi. Pawatila nyingi hazina mita ya kuhesabu saa. Mzee wetu alihesabu kwa majaruba, na majaruba hayalingani. Daftari la shule na kalamu vingetosha: tarehe, saa ya kuwasha, saa ya kuzima.

Wakasafisha chujio la oili kwa dizeli, wakarudisha bolti na wosha yake. Hapo ndipo ujuzi wa bodaboda ulipoanza kuwaponza. Pikipiki za kazi hapa kwetu huchukua oili lita moja na kitu kidogo, na oili yake huuzwa kwa chupa ya lita moja. Dereva hahitaji kupima; anamimina chupa, anatupa chupa. Miaka inapita mkono unazoea kwamba chombo ndicho kipimo. Sasa mzee alikuwa amenunua galoni la lita 5, na injini yake, kama nyingi za aina hiyo, inachukua lita 3 au pungufu.

Kijana akamimina. Galoni lilipofika nusu mzee akauliza kama haijatosha. Wakachomoa kijiti cha kupimia. Pawatila ilikuwa imesimama kwenye mteremko wa uwanja, pua juu na mikono chini, kwa hiyo oili ilikuwa imekimbilia upande mmoja wa sampu na kijiti kikatoka kinaonyesha pungufu. Wakaongeza. Wakapima tena palepale mteremkoni. Wakaongeza tena. Mwishoni ikabaki oili kama bilauri moja.

"Isibaki, itaingia vumbi," alisema mzee.

Wakafungua bakuli la filta ya hewa. Filta ya pawatila nyingi si ya karatasi. Ni ya oili: hewa inaingia, inagusa oili iliyo chini ya bakuli, vumbi linanaswa, hewa safi inapanda kwenda kwenye silinda. Ndani ya bakuli kuna mstari, na oili haitakiwi kuuvuka. Bakuli lao lilikuwa tayari na oili ya dukani. Wakaongezea ile bilauri, mstari ukazama.

Mzee akapiga hendeli, ikashika. Kwanza moshi mweupe, kisha wa bluu, kisha mlio ukaanza kupanda. Kijana akarudisha resi chini kabisa. Mlio ukazidi kupanda. Akafunga koki ya dizeli. Ikaendelea, kali zaidi, moshi ukafunika uwanja, kuku na watoto wakakimbia. Kijana aliyezoea kuzungusha ufunguo hakuwa na ufunguo wa kuzungusha.

Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi, kwa hiyo ukikata umeme, imekufa. Dizeli haina plagi. Hewa inagandamizwa mpaka inakuwa ya moto mno, na chochote kinachoweza kuungua kikiingia humo kinaungua. Oili ya injini inaungua. Filta iliyojazwa kupita mstari ilikuwa inanyonywa na kupelekwa silindani pamoja na hewa, na sampu iliyofurika ilikuwa inasukuma oili ipite kwenye ringi. Injini ilikuwa imejipatia chakula chake yenyewe, na koki ya dizeli haikuwa na mamlaka tena.

Aliyeinusuru ni jirani, mzee aliyewahi kuendesha trekta kwenye mashamba makubwa. Alichovya gunia kwenye ndoo ya maji, akalikunja, akakaa ubavuni mbali na lile gurudumu zito la injini, akaliziba domo la filta ya hewa. Bila hewa hakuna moto. Injini ikakohoa, ikazima. Jambo hili mwenye pawatila alijue kabla ya yote: injini ikijipandisha resi, zuia hewa kwa gunia lililolowa au kipande cha ubao, usitumie kiganja chako, na usisimame usawa wa gurudumu la injini. Chuma kile kikizunguka kupita mwendo wake kinaweza kupasuka, na vipande vyake havichagui. Kama huwezi kulifikia domo la hewa kwa usalama, chukua watoto mkae mbali.

Fundi alipofungua siku mbili baadaye, alikuta mkono wa pistoni umepinda na vali moja imegonga. Muuzaji akaja, akachomoa kijiti, safari hii mashine ikiwa imesawazishwa, akaona oili ilipofika. Waranti ikaishia hapo, na kusema kweli sioni angefanya nini kingine.

Hasara ya vipuri ilikuwa ndogo ukilinganisha na ile ya kalenda. Miche ilikuwa imekaa kitaluni wiki nne. Zamu ya maji kwenye mfereji haimsubiri mtu; ukiikosa, unarudi nyuma ya wenzako. Mzee aliyekuwa akilipwa kuchabanga majaruba ya watu sasa alikaa kwenye foleni kuomba pawatila ya mtu, na aliipata wakati miche imezeeka. Mche uliozeeka kitaluni ukihamishwa hutoa machipukizi machache, na machipukizi machache ni masuke machache. Mwezi wa sita alihesabu magunia na hakuhitaji kuambiwa sababu.

Na hata kama gunia la jirani lisingehitajika, sevisi ile ilikuwa bado na mapengo. Wote wawili waliisahau gia boksi. Kwenye pawatila gia zina oili yake, nzito kuliko ya injini, na meno ya gia mpya hutoa unga wa chuma vilevile. Anayemwaga oili ya injini akaiacha ile ya gia hataona chochote msimu wa kwanza. Ataona msimu wa tatu, wakati gia zinaporuka zikiwa na tela la magunia nyuma. Hawakukaza nati za fremu, ambazo kwa mashine mpya hulegea baada ya mitikisiko ya mwanzo. Hawakubonyeza mikanda kwa kidole gumba kuona kama imelegea. Chini ya tanki la dizeli hawakuangalia, na dizeli ya kununua kwa kidumu mara nyingi huja na maji na mchanga. Uwazi wa vali ndiyo kazi pekee humo ambayo ningemwachia fundi.

Filta ya hewa inataka neno zaidi, kwa sababu kuna kosa la upande wa pili. Kuna pawatila zinazofika zikiwa kavu, bila oili kwenye injini, gia wala bakuli la filta, kwa ajili ya usafirishaji. Muuzaji mzembe anajaza injini na gia, anasahau bakuli. Kwenye tope la Januari huwezi kujua. Subiri kati ya Agosti na Novemba, pawatila inapovuta tela kwenye barabara za Usangu na vumbi limesimama hewani: bila oili kwenye lile bakuli, vumbi lote linakwenda silindani. Mstari ule ndani ya bakuli una adui wawili, pungufu na zaidi, na wote wawili wanaua injini.

Ile oili chafu iliyobaki karaini, mzee aliisogeza kwa mguu kuelekea mfereji, jirani akamzuia. Jirani alifanya vyema. Maji ya mifereji ya Mbarali ni ya jaruba la mwenzako kwanza, na yanayobaki hurudi Ruaha Mkuu, mto ambao tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na ambao maji yake yakifika Mtera na Kidatu huzalisha umeme. Oili chafu iwekwe kwenye dumu lenye kifuniko, mbali na watoto. Wengi huipaka nguzo za uzio dhidi ya mchwa.

Wauzaji wa pawatila, kuanzia Rujewa hadi Chimala na Igurusi, nawaomba jambo moja lisilo na gharama. Kabla mashine haijatoka dukani, chukueni rangi nyeupe na brashi ndogo, mwandike juu ya tanki kwa Kiswahili: injini lita ngapi, gia lita ngapi, oili ya aina gani, na saa ya kumwaga oili ya kwanza. Kisha msogezeni mteja mpaka kwenye bakuli la filta, mwonyeshe mstari kwa kidole. Na wewe mnunuzi, usilipe salio kabla rangi hiyo haijakauka.