Asiyekuwapo na Mbwa Wake

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii tumeisikia tangu shule ya msingi, na wengi wetu tumeitumia kummalizia mwenzetu sehemu yake ya ugali. Leo, ndugu msomaji, nataka tuipeleke mahali ambapo haijazoea kupelekwa. Tuipeleke uani kwa mtu wa Mwanza, saa kumi na mbili jioni, baba mwenye nyumba akiwa safarini na mbwa wake amefungwa kwenye mwembe akisubiri kula. Je, kwa kuwa mwenyewe hayupo, na mbwa hayupo?

Msicheke. Swali ni la mbwa, lakini jibu lake linafika mbali.

Mji huu ni mji wa watu wanaoondoka. Mvuvi wa dagaa hufuata giza: mbalamwezi ikipungua anavuka kwenda visiwani, anakaa kambini akivua usiku kwa taa, na mwezi ukijaa anarudi nyumbani Kirumba au Igombe kupumzika na kutengeneza nyavu. Mwenzake yuko mgodini Geita. Mwingine yuko barabarani na lori, leo Isaka, keshokutwa Kigali. Na si wanaume peke yao. Mama mwenye biashara Makoroboi huenda Kampala kufuata mzigo. Mwalimu au muuguzi huenda Dar es Salaam kusoma, akamwachia mume watoto, kuku na paka. Kwa hiyo nikisema "anayebaki" msidhani namsema mwanamke tu, ingawa mara nyingi, tusidanganyane, ni yeye.

Anayebaki anabaki na nini? Tukiulizwa tunajibu haraka: watoto, kodi, ada ya shule. Wale wengine hatuwataji. Kuna kuku, ambao lazima wafungiwe magharibi na kufunguliwa asubuhi, na ambao kila baada ya miezi 3 wanatakiwa kudondoshewa dawa ya mdondo machoni, mmoja mmoja, la sivyo siku moja unaamka unakuta banda zima chali. Kuna paka, ambaye katika mji wa samaki hafi njaa, ila wizi wake humgombanisha mwenye nyumba na nusu ya mtaa. Na kuna mbwa, ambaye baba alimleta siku moja ndani ya boksi akasema, "Huyu atatulinda," bila kumwuliza mtu yeyote. Wiki mbili baadaye akafunga begi.

Tangu siku hiyo kuna sufuria ya pili jikoni. Ni ile kongwe iliyopoteza mkono. Inachemshiwa mapanki, yaani yale mifupa ya sangara yaliyobaki kiwandani baada ya minofu kwenda Ulaya, au vichwa, au maji ya dagaa tu, kisha inamwagiwa pumba na ukoko. Mkaa unaowaka chini yake umenunuliwa. Hata mapanki yananunuliwa, maana wapo binadamu wanaoyala. Jirani akipita huuliza, "Mama, unampikia mbwa na mkaa bei hii?" Na mama hana jibu la haraka.

Usiku simu inalia. Ni baba, yuko kisiwani, kapata mtandao juu ya jiwe. Sauti inawekwa kubwa ili watoto wote wasikie. Mbwa naye anaisikia. Anasimama, masikio juu, halafu haitazami simu, anatazama njia. Watoto wanaangua kicheko. Mimi naona swali letu liko hapo. Mtoto unaweza kumwambia kuwa baba atarudi mwezi ukijaa, akahesabu siku kwa vidole. Mbwa huwezi kumwambia. Kwake hakuna mtu "aliye safarini". Kuna mtu anayemwona na mtu asiyemwona. Tena hela inayotumwa kwa simu imepangiwa kazi kabla haijafika: unga, daftari, maji. Mbwa hamo kwenye hesabu. "Simba hajambo?" baba anauliza. Hajambo, baba. Kala kabla ya mama watoto.

Basi mtu anaweza kusema hivi: mbwa ni wa baba, alimleta mwenyewe, alimpa jina mwenyewe. Akiondoka, na wajibu wake umeondoka naye. Mama hana deni. Akimlisha ni hisani, asipomlisha ni shauri la mwenye mbwa. Hoja hii tusiidharau, kwa sababu ndani yake mna malalamiko ya haki. Kumtwisha mtu mzigo bila kumwuliza, halafu ukamsifu kwa uvumilivu, ni dhuluma iliyopakwa rangi.

Hoja hiyo ni ya zamani sana. Mgiriki Homer, katika utenzi wa Odysseus, anasimulia jinsi mfalme huyo alivyorudi kwake baada ya miaka 20, akiwa amevaa matambara ili asitambulike. Mlangoni pake palikuwa na lundo la samadi, na juu yake amelala mbwa aitwaye Argos, mzee, amejaa viroboto. Odysseus ndiye aliyemlea kabla hajaenda vitani. Mbwa akamtambua, akatikisa mkia, akashindwa kuinuka, akafa. Mchunga nguruwe anaeleza kwa nini mbwa amefikia hali ile: bwana hayupo, na watumishi bwana asipokuwapo hawafanyi kazi. Asiyekuwapo na lake halipo, kwa Kigiriki.

Vizazi na vizazi vimelia kwa ajili ya Argos. Vimemsifu kwa kungoja, kama vilivyomsifu Penelope, mke wa Odysseus, kwa kungoja. Mimi ninauliza jambo la jikoni tu: katika miaka 20 hiyo, nani alimpa maji? Mbwa haishi miaka 20 kwa uaminifu peke yake. Ama kuna mkono uliomtupia mfupa ambao mshairi hakuuona, ama aliokota jalalani kama mbwa wetu wa Mwaloni. Chozi la Odysseus limeandikwa. Mkono ule haukuandikwa.

Wanafalsafa nao walijaribu. Immanuel Kant, Mjerumani wa karne ya 18, mtu ambaye hakupata kusafiri mbali na mji wake, alifundisha kwamba hatuna wajibu wa moja kwa moja kwa mnyama. Tukimtendea ukatili mbwa aliyetutumikia tunajiharibu wenyewe, na aliyezoea kumtesa mnyama hatakawia kumtesa mtu. Kuna ukweli humo, kila mtaa una kijana aliyeanza kwa mawe na paka. Lakini haitoshi. Kwa hoja hiyo mbwa anakuwa kama gunia la mazoezi ya bondia, na kosa la kumwacha na njaa linahesabika kwa sababu ya binadamu fulani wa baadaye. Yule anayelia pale kwenye mwembe ana njaa sasa hivi, na njaa ni yake.

Jibu ninaloliona zito zaidi tunalo karibu. Waislamu wanafundishwa hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Angalieni kosa lake limeelezwaje: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie vijidudu vya ardhini. Adhabu haitegemezwi kwenye swali la kama paka alikuwa wake au wa mumewe. Hatuambiwi kama alimpenda au la. Kosa liko kwenye mlango aliomfungia. Kuna hadithi nyingine, ya mtu aliyemkuta mbwa ana kiu akashuka kisimani kumtekea maji, akasamehewa. Mbwa yule hakuwa amefungwa na yeye, alikutana naye njiani. Ule ulikuwa wema. Wa mlango uliofungwa ni deni.

Kwa maoni yangu basi, wajibu hautoki kwenye umiliki, wala kwenye mapenzi. Unatoka kwenye kamba. Ukimfunga kiumbe umemnyang'anya njia yake ya kujitafutia, na kuanzia dakika hiyo tumbo lake liko mkononi mwako. Na kamba, tofauti na hati ya nyumba, haijali jina la nani limeandikwa. Inamdai anayeishika leo. Baba alipovuka maji hakuondoka na kamba. Aliiacha mkononi mwa mama, na asubuhi ya kwanza mama alipouacha ule mwembe kama ulivyo, alikuwa ameipokea. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza kumtesa mnyama, lakini hata isingekuwepo, kamba ingetosha.

Tazama hata lugha yetu. Methali inasema "lake", yaani jambo lake, neno lake. Mbwa hatumwiti "lake". Tunasema mbwa amelala, mbwa amekula, kama tunavyosema mtoto amelala. Kiswahili kimempa mnyama kiti katika ngeli ya wenye uhai, pamoja nasi. Kwa hiyo asiyekuwapo, lake halipo, sawa. Lakini wake yupo, na anabweka.

Hapo nimempa mama mzigo. Naomba nisiishie hapo, kwa sababu wahubiri wetu wengi huishia hapo. Kamba ina ncha mbili. Mama amefungwa nayo vilevile. Ukija msiba Magu wa kulala siku mbili, ni lazima amtafute mtu wa kulisha, na majirani wanaokubali kulisha mbwa mkali ni wachache. Kama amebeba wajibu wote, haki nayo ihamie kwake. Hapo ndipo methali inaposema kweli. Asiyekuwapo amepoteza kitu, na kitu hicho ni sauti ya kuamuru.

Chukua mfano wa chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, kupona ni kama hakuna. Wataalamu wanasema wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100 ugonjwa hukatika njia, na vijiji vya jirani na Serengeti vimeendeshewa kampeni kwa miaka mingi. Siku ya chanjo, kadi huandikwa jina la mwenye mbwa. Aliyemshika shingo kwenye foleni juani ni mwingine. Sasa mbwa huyo akianza kuuma watoto wa mtaa, nani aamue kama abaki au aondoke? Nasema ni yule wa foleni. Apige simu kumjulisha mwenzake, ndiyo, hiyo ni heshima ya ndoa. Kuomba ruhusa, hapana. Jamaa akirudi akakuta mbwa amepewa mlinzi wa ghala kule Igogo, ana haki ya kusikitika. Haki ya kufoka aliiacha kambini.

Na akirudi usiku, mwezi umejaa, mbwa akambwekea mlangoni kwake mwenyewe, asichukue fimbo. Wanaume wengi hulichukulia jambo hilo kama tusi, na mtaa hucheka wiki nzima. Mbwa hajamtukana mtu. Alipewa kazi ya kubwekea wasiokuwapo, na anaifanya. Huyo bwana na achuchumae, amnyooshee mkono anuse, aanze upya. Pengine hata kwa mke na watoto ni hivyohivyo, ila wao wana adabu, hawabweki.

Wapo pia wasiorudi. Tarehe 21 Mei 1996 mv Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitokea Bukoba, ikaondoka na mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 mv Nyerere ilipinduka ikikaribia gati la Ukara, wakafa zaidi ya watu 220. Ziwa hili limeacha watu wengi wakitazama njia. Sisi tuna msiba, tuna matanga, tuna watu wa kutuambia kwamba sasa basi, amekwenda. Mnyama hana matanga. Kisha ndugu wanakaa kikao cha mirathi: kiwanja, mabati, baiskeli, nyavu, ng'ombe kama wapo. Kila kitu kinapata mdai, na wakati mwingine hata mjane mwenyewe anagombewa kama kitu. Mbwa hadaiwi na mtu. Hakuna shemeji aliyewahi kugombana kwa ajili ya mbwa wa marehemu.

Jioni ile, wageni wakishaondoka na viti vya kukodi vimerudishwa, mjane anaibandika sufuria isiyo na mkono. Hakuna atakayempigia simu kuuliza kama Simba hajambo. Hakuna atakayerudi kushukuru. Hapo wajibu umebaki mtupu, bila mwenye mali na bila msifuji, na bado mkaa unawaka. Anayesema mama huyu anampikia mbwa wa mume amekosea. Anampikia aliyepo.

Nimalize na sisi tunaopenda kuandika. Hadithi zetu zinapenda kupanda meli. Msafiri akiondoka, kalamu inaondoka naye, tunavua naye, tunachimba dhahabu naye, na nyumbani tunarudi ukurasa wa mwisho tukute kila mtu anangoja mlangoni, kana kwamba nyumba ilisimama. Haikusimama. Kuku walifunguliwa kila asubuhi. Safari hii mwacheni msafiri aende peke yake, nyinyi mbaki uani, mwangalie ni mkono wa nani unaotia maji kwenye kopo. Na wewe unayefunga begi leo usiku kuwahi mtumbwi, kabla hujauliza nauli, kamwulize anayebaki: kamba hii, unakubali kuishika?