Kusoma Biblia Kila Siku na Kumkaribia Mungu

Desturi ya kusoma maandiko kila siku imo ndani ya Biblia yenyewe. Kumbukumbu la Torati linamtaka mfalme wa Israeli ajinakilie torati na kuisoma siku zote za maisha yake, asije akajiona bora kuliko ndugu zake. Katika Matendo ya Mitume, watu wa Beroya wanayachunguza maandiko kila siku ili kujua kama mahubiri ya Paulo ni ya kweli. Kwa mfalme na kwa Waberoya vilevile, aliyesoma alitarajiwa kusikia, kisha kujibu kwa sala na kwa mwenendo.

Kusikia huko ndiko kunakojenga uhusiano. Muumini anayesali sana bila kusoma yumo hatarini kujitengenezea mungu anayekubaliana naye katika kila jambo. Biblia humkatiza. Humwekea mbele maneno ambayo asingeyachagua: karipio la Amosi kwa wanaowakandamiza maskini, amri ya Yesu ya kuwapenda adui, kilio cha Zaburi ya 88 kinachoishia gizani bila faraja yoyote. Zaburi hiyo ni hazina kwa mtu aliyefiwa au aliyechoka, maana humwonyesha kwamba hata huzuni isiyopata jibu inaweza kupelekwa kwa Mungu jinsi ilivyo.

Guigo wa Pili, mtawa wa Kikartusi aliyeishi Ufaransa katika karne ya 12, aliupanga usomaji wa namna hii kama ngazi ya hatua nne: kusoma, kutafakari, kusali, na kutulia mbele za Mungu. Kifungu huwa kifupi, husomwa polepole na kurudiwa. Katika Marko sura ya 10, kwa mfano, Yesu anamuuliza kipofu Bartimayo anataka afanyiwe nini. Msomaji hukaa na swali hilo hadi limfikie yeye mwenyewe, naye hulijibu kwa ukweli, hata kama jibu linamwaibisha. Hapo kusoma kumekuwa sala. Hatua ya nne haipatikani kwa jitihada. Guigo aliihesabu kuwa zawadi.

Wengine husoma Biblia nzima kwa ratiba. Inayojulikana sana ni ile ambayo mchungaji Robert Murray M'Cheyne wa Dundee, Uskoti, aliwaandalia waumini wake mwaka 1842: takriban sura nne kwa siku, mbili pamoja na familia na mbili faraghani. Kwa mwaka mmoja Agano la Kale husomwa mara moja, Agano Jipya na Zaburi mara mbili. Ratiba humzuia mtu asizunguke katika vifungu avipendavyo tu. Hata hivyo M'Cheyne mwenyewe alitaja hatari zake: kusoma kwa mazoea, kujihesabia haki, kusoma bila makini, na kujitwika mzigo usiobebeka. Onyo hilo lina thamani kubwa kuliko ratiba yenyewe. Mwenye robo saa tu kabla ya kwenda kazini hupata zaidi katika aya kumi alizozitafakari kuliko katika sura nne alizozipitia mbiombio.

Kusoma faraghani nako kuna upofu wake, kwa kuwa mtu aliye peke yake hulifanya andiko limtetee kwa urahisi. Ndiyo maana kusoma pamoja na wengine kunahitajika. Mwaka 1929 mjini Kampala, Mkristo wa Uganda Simeoni Nsibambi na daktari mmisionari Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini nchini Rwanda, walikaa siku mbili wakichunguza pamoja mafundisho ya Biblia kuhusu Roho Mtakatifu. Mkutano huo huhesabiwa miongoni mwa chemchemi za Uamsho wa Afrika Mashariki. Katika vikundi vya uamsho huo, Neno liliandamana na kuungama mbele ya wenzao na kurudisha mali iliyoibwa. Ukaribu na Mungu ulionekana katika deni lililolipwa na jirani aliyeombwa msamaha.

Zipo pia siku za ukavu, ambapo maneno hupita bila kugusa moyo. Siku hizo hazithibitishi kwamba Mungu ameondoka. Mara nyingi kifungu kilichosomwa kwa ubaridi hukumbukwa baadaye, saa ya msiba au ya uamuzi mgumu. Na siku iliyorukwa haihitaji kufidiwa kwa kulimbikiza sura: msomaji hufungua somo la siku aliyo nayo na kuendelea.